Shajara ya mradi: gia moja, shokapu moja na Grand Col Ferret

Aprili 6

Fremu iko mezani. Chuma cha kromoli, nafasi ya tairi za inchi 29, nyuma kukavu kabisa, yaani hakuna shokapu. Mbele nitafunga uma wa shokapu wa milimita 120 nilionao tangu msimu uliopita. Lengo: nijenge baiskeli ya milimani yenye gia moja tu, na kabla Agosti haijaisha niivushe Grand Col Ferret, lile pito la mita 2,537 kwenye mpaka wa Italia na Uswisi. Nipandie Italia, nishukie La Fouly, kijiji cha upande wa Uswisi.

Mwenzangu nitakayekwenda naye anaendesha baiskeli ya shokapu mbili na gia 12. Alipoiona fremu aliizunguka mara mbili, akainama, akagonga bomba la chini kwa kucha. "Kaka, huu ni mradi au ni toba?"

Kidogo ni toba. Msimu uliopita mawe yalinivunjia derela mbili, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia hadi gia, na mara ya pili nilitembea hadi bondeni cheni ikiwa mfukoni. Gia moja haina derela ya kuvunjika. Lakini sababu ya kweli ni kwamba napenda baiskeli iliyonyamaza, unayosikia tairi tu zikitafuna kokoto.

Aprili 13

Jioni nzima ya kalamu na karatasi. Swali la gia moja huamuliwa nyumbani: meno mangapi nyuma?

Mbele nina sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, ya meno 32. Gurudumu langu likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.3. Nikiweka meno 18 nyuma, kila mzunguko wa pedali unanipeleka mita 4.1. Meno 20, mita 3.7. Meno 22, mita 3.35. Ukisoma hivi juu juu unaona tofauti ni ndogo, tena ni ndogo kweli mpaka ukutane na mlima.

Mwenye gia nyingi mlima ukikaza anashusha gia na kutambaa kwa kilomita 4 kwa saa akipenda. Mimi siwezi kutambaa. Miguu ikizunguka chini ya mizunguko 40 kwa dakika pedali zinakwama pale juu, na mizunguko 40 kwa meno 22 ni kilomita 8 kwa saa. Huo ndio mwendo wangu wa chini, nitake nisitake. Mimi na baiskeli na begi ni kilo 92. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 mwendo huo unadai wati 200 na ushee za kupanda peke yake, bado sijahesabu kokoto zinazovuta tairi. Hapo naweza, nikiwa nimesimama. Kwenye asilimia 17 unadai wati 340. Hizo nitazitoa dakika moja, mbili, kisha nitafute jiwe la kukalia.

Sasa, kutoka Arnouva, tutakapoanzia upande wa Italia, kwenye mita 1,769 mpaka kwenye pito ni kupanda mita 768, tena sehemu kubwa ya juu ni kijia cha mwinuko mkali. Kwa hiyo hesabu imenijibu kabla sijafunga bolti hata moja: nitasukuma. Utani wa zamani wa watu wa gia moja ni kwamba wana gia tatu, kukaa, kusimama, na kushuka ukasukuma. Nimeagiza meno 22 na meno 20, niyajaribu yote.

Aprili 27

Habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, ni ya kawaida, ya kubebea kaseti, yaani rundo la sproketi za gia nyingi. Kaseti imetoka, mahali pake nimepanga wosha nene na sproketi moja katikati. Nimechagua sproketi yenye kitako kipana. Zile nyembamba za kukatwa kwenye bati huuma mwili wa alumini wa habu, na ukishasimama juu ya pedali miezi miwili hazitoki tena bila nyundo.

Kunyoosha mstari wa cheni kumenichukua muda kuliko nilivyotegemea. Kwenye gia nyingi cheni imezoea kwenda upande, hapa inatakiwa iende kama uzi wa fundi mwashi. Nimeweka rula ndefu ubavuni mwa sproketi ya mbele na kuielekeza nyuma: imepishana milimita 3. Nimehamisha wosha moja kutoka nje kwenda ndani. Imepishana milimita 1. Nimeiacha, nikalala, asubuhi nikaamka nikahamisha nyingine nyembamba. Sasa sawa.

Mei 4

Kukaza cheni. Fremu hii, pale ekseli ya nyuma inapokaa, ina vipande viwili vinavyosogea mbele na nyuma, kila kimoja kimeshikwa na bolti mbili. Nitaviita vitelezi. Nyuma ya kila kitelezi hakuna kitu, ila mbele yake kuna skrubu ndogo inayokisukuma kwenda nyuma ili cheni ikaze. Kalipa, kibanio cha breki, imefungwa juu ya kitelezi cha kushoto, kwa hiyo ukisogeza gurudumu breki inakwenda nalo. Aliyebuni hivi alikuwa amewahi kuchafuka mikono.

Cheni ina pingili za milimita 12.7. Huwezi kutoa pingili moja, unatoa mbili, ya nje na ya ndani, na hapo ekseli inakuja mbele milimita 12.7. Basi vitelezi lazima viwe na nafasi ya angalau kiasi hicho, la sivyo utapata cheni inayobana sana au inayoning'inia, bila katikati. Vyangu vina nafasi hiyo na ziada kidogo.

Nimepaka grisi kila mahali. Nyuzi za bolti, ekseli, bomba la kiti, na nyuso za vitelezi pia. Chuma na kutu ni maadui wa siku nyingi, sikutaka kuacha mwanya.

Mei 18

Safari ya kwanza, saa tatu kwenye msitu wa mizizi. Meno 20.

Cheni inachezacheza sentimita 1 ukiisukuma kwa kidole katikati, lakini ukizungusha krenki taratibu kuna mahali inabana na mahali inalegea. Ni kawaida, sproketi ya mbele si duara kamili. Dawa yake: legeza bolti za sproketi robo zamu, zungusha mpaka ibane, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, kaza, rudia. Mara nne hivi ikatulia.

Kuhusu kuendesha: nyuma kukavu kunasema ukweli. Kila mzizi unaupata kwenye kifundo cha mguu. Nilidhani nitapigwa kiunoni, lakini mtu anayesimama hapigwi kiunoni, magoti na visigino ndiyo shokapu ya nyuma. Ukikaa tu ndipo unajuta. Tena kuna jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwa kuendesha shokapu mbili: hapa pua peke yake ndiyo inayozama. Uma ukibonyea, baiskeli nzima inainamia mbele na usukani unakuwa mkali, takriban digrii moja kwa kila milimita 20. Kwenye ngazi ya mawe unayoshuka, hapo ndipo hutaki usukani mkali. Nimeongeza upepo kwenye uma ili nikikaa juu yake uzame robo tu, na nimepunguza kasi ya kurudi kwake kwa kidoko kimoja.

Juni 2

Cheni imelegea. Nilianza na mchezo wa sentimita 1, nimerudi na zaidi ya 2, na mara moja imeruka jino nikiwa nimesimama. Goti limegonga usukani. Nimeandika: "cheni mpya inajinyoosha." Nimekaza.

Juni 9

Imelegea tena. Nimekaza tena. Cheni mpya gani hii.

Juni 16

Nimepima cheni kwa kipimo cha kuchakaa. Haijanyooka hata kidogo. Nimehamia meno 22 kwa hasira, kana kwamba sproketi ndiyo yenye kosa.

Juni 22

Mvua, hakuna safari. Nimefungua breki badala yake, na breki zimenikumbusha Repack.

Mwaka 1976, kwenye vilima vya Marin huko California, vijana walianza kushindana kushuka njia moja ya vumbi, kilomita 3 na kidogo, ikianguka kama mita 400. Baiskeli zao zilikuwa mitumba mizito ya miaka ya 1930 na 1940, nyingi za gia moja, hazina shokapu popote, na breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume. Ukifika chini habu imechemka, grisi imegeuka moshi, na lazima uifungue na kuipakia grisi upya kabla ya kushuka tena. Kwa Kiingereza kupakia upya ni "repack", na njia ikabaki na jina hilo. Gary Fisher, mmoja wao, aliishuka kwa dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze mwaka 1977 akaunda fremu mahususi kwa kazi hiyo. Sisi tunaorudi kwenye gia moja leo hatujabuni kitu.

Ila breki zao sizitaki. Kutoka kwenye pito mpaka La Fouly ni zaidi ya mita 900 za kushuka. Kilo 92 zikianguka kimo hicho, nguvu yake ingetosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji kutoka kwenye ubaridi wa bombani. Upepo na tairi zitabeba sehemu, iliyobaki yote inaingia kwenye diski mbili nyembamba kama sarafu. Nimefunga diski ya milimita 203 mbele na 180 nyuma, na nimetupa pedi laini nikaweka za chuma. Zinapiga kelele zikilowa. Zipige.

Julai 6

Nimempata mwizi.

Mwenzangu ndiye aliyeona dalili ya kwanza, na aliiona kwa bahati. Alikuwa ameinama akifunga kiatu, akaniuliza mbona rangi ya fremu imeng'aa upande wa kushoto, ndani, karibu na tairi. Nikachungulia. Mahali penye ukubwa wa ukucha, rangi imesuguliwa ikalainika kama kioo. Upande wa kulia hakuna kitu. Tairi imekuwa ikigusa upande mmoja tu.

Nikachukua kalamu ya wino mweupe, nikachora mstari mwembamba unaoanzia kwenye fremu na kuvuka mpaka kwenye kitelezi, kulia na kushoto. Tukapanda kilima kifupi mara tatu, nikiwa nimesimama na kuvuta usukani kwa nguvu zote. Tukashuka, nikapiga magoti.

Mstari wa kushoto mzima. Mstari wa kulia umekatika: nusu moja imebaki kwenye fremu, nusu nyingine imesogea mbele milimita 2 kamili.

Basi yote yakafunguka. Cheni inavuta ekseli kwa upande wa kulia. Kitelezi cha kulia kinakwenda mbele, gurudumu linageukia kushoto, tairi inasugua fremu kushoto, cheni inalegea. Milimita 2 tu za ekseli zinatosha kuongeza mchezo wa cheni kwa sentimita nzima na zaidi. Na kitelezi kinateleza kwa nini? Kwa sababu mimi mwenyewe nilikipaka grisi Mei 4, kwenye uso ambao kazi yake yote ni kushika. Juu ya hapo, baada ya kukaza bolti nilikuwa narudisha nyuma ile skrubu ndogo nikidhani imemaliza kazi, kumbe ndiyo kizuizi.

Wiki tano naisingizia cheni.

Nimefungua, nimefuta nyuso zote kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nimezirudisha kavu. Bolti nimekaza kwa spana ya kipimo, skrubu nimeisogeza mpaka imegusa kitelezi, nikaiacha hapohapo. Nimechora mstari mpya.

Julai 13 na 14

Siku mbili, jumla ya kupanda mita 2,300. Mstari haujasogea. Meno 22 yanabaki. Kwenye tambarare napitwa na kila mtu, maana mizunguko 90 kwa dakika ni kilomita 18 kwa saa na kuzidi hapo nyonga zinaanza kuruka kitini. Nimekubali kupitwa.

Agosti 2

Tairi. Nyuma nimeweka ile sponji nzito ndani ya tairi, inayolinda ringi ikigonga jiwe, kwa sababu kwenye baiskeli ya nyuma kavu ringi ya nyuma ndiyo inayolipa madeni yote. Hakuna tyubu, dawa ya kuziba kamili. PSI 20 mbele, 23 nyuma.

Agosti 9

Arnouva, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tumewahi makusudi. Njia hii ni sehemu ya mzunguko wa Mont Blanc, ule wa kilomita 170 hivi kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, na ikifika saa nne inajaa watembeaji. Mtembea kwa miguu ana haki ya njia, hilo halina mjadala, na mwenye adabu hupanga saa zake ili asimsumbue. Mawingu nayo hapa mchana hupenda kugeuka radi.

Mwenzangu akavua kofia, akatazama juu. "Shikamoo, mlima." Tukangoja. Hakuna marahaba.

Mpaka Rifugio Elena, nyumba ya wageni ya mlimani, mita 2,061, kuna njia pana, na karibu nusu yake niliipanda nikiwa juu ya pedali. Gia moja ina mwendo wake wa ajabu: mwenzangu anazungusha miguu harakaharaka nyuma yangu kama anayeshona nguo, mimi nampita kwa hatua ndefu nzito, kisha mita mia moja mbele nimesimama nahema na yeye ananipita bila kusema neno. Hewa ya kule juu ina kama robo tatu tu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Kwenye gia nyingi unapunguza kazi ilingane na hewa. Hapa kazi ni ileile, hewa ndiyo pungufu.

Baada ya Elena nilishuka nikasukuma. Na yeye pia, baada ya dakika kumi, na gia zake 12 zote. Hapo ndipo kilo zilipohesabika: yangu ni nyepesi, naiinua kwa bega kwenye ngazi za mawe, mkono mmoja kwenye bomba la chini, gurudumu la mbele likining'inia mbele ya uso. Yake alikuwa anaisukuma hatua kwa hatua huku akishika breki isirudi.

Tulifika kwenye pito saa mbili na dakika 40. Nyuzi joto 6. Upande wa kushoto Mont Dolent, ambao karibu na kilele chake mipaka ya nchi tatu inakutana, ukiwa na barafu yake. Nilitoa kipimo cha upepo kabla ya chupa ya maji. Jana jioni nilijaza tairi ya nyuma PSI 23 bondeni, kwenye kimo cha mita 400 na nyuzi joto 22. Sasa inasoma 24. Hewa ya nje imepungua, kwa hiyo ile ya ndani inajiona kubwa zaidi; hilo peke yake lingeongeza PSI 3, lakini baridi imerudisha 2 kati ya hizo. Nilitoa pumzi kidogo mpaka 23. Mwenzangu alisema nimekuja milimani na maabara.

Kushuka. Juu kuna kijia chembamba kinachokata mteremko wa nyasi, laini, kimepinda taratibu, na kila hatua kadhaa kuna mfereji wa kutolea maji uliokatwa kimshazari. Shokapu mbili inaimeza mifereji hiyo. Nyuma kavu inabidi uisaidie: bonyeza kidogo kabla ya ukingo, kisha wepesisha miguu ili gurudumu la nyuma lipite juu badala ya kugonga. Ukichelewa unasikia "tak" ya ringi. Nilizihesabu nne. Ya tatu ilikuwa ndefu kidogo, nikaona uso wa mwenzangu ukikunjamana kwa niaba yangu.

Breki sikuziburuza. Nashika kwa nguvu, naachia, diski zipate kupumua. Chini ya La Peule nilisimama kupisha ng'ombe waliokuwa katikati ya njia wakiwa na kengele shingoni. Nikatemea diski ya mbele tone la mate, likachemka na kupotea papo hapo. Nguvu bado ilikuwepo kwenye kishikio.

Sehemu ya mwisho njia inapanuka na kulala. Mwenzangu akaweka gia ya 12 akaondoka. Mimi nikakaa kitini, miguu imetulia, nikisikiliza vikucha vya habu vikilia mpaka La Fouly.

Agosti 11

Nimeosha na kukagua. Mchezo wa cheni milimita 11, mstari mweupe pande zote mbili mzima. Ringi ya nyuma ina bonde dogo upande wa diski, halivujishi upepo. Nimelinyoosha kwa spana na kipande cha ngozi. Pedi za nyuma zimebaki nusu, za mbele zaidi ya nusu. Mwenzangu ametuma ujumbe akiomba urefu wa bomba la juu la fremu yangu. Nimemtumia, sikumuuliza ni wa mradi au wa toba.

Habu ya nyuma nikiizungusha kwa mkono inakwaruza kidogo upande wa sproketi. Kesho nafungua gololi.